Nilimsikia Mzee Kwanza, Kijana Baadaye

Mazungumzo niliyoyatoa mbele ya wapenzi wa muziki wa kantri, Nakuru, Jumamosi jioni. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikaondoa kikohozi na zile dakika kumi stima ilipopotea.

Wazee wetu, mama zangu, ndugu na dada, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke nikianza kuchosha, hamjambo.

Nilipoombwa kuzungumza nilitaka kujirahisishia kazi, nimlete Jim Reeves. Humu ndani Jim Reeves hahitaji wakili. Kenny Rogers, Dolly Parton na Don Williams nao ni watu wa nyumbani. Halafu nikajiuliza, nitawaambia nini kuhusu Don Williams ambacho hamjakiimba wenyewe kwenye matatu? Basi nimewaletea mgeni. Anaitwa John Prine, mwimbaji na mtunzi wa Marekani. Redioni sikuwahi kumsikia hata siku moja, na redio nimeisikiliza tangu enzi za kuanika betri juani.

Kwa wasionifahamu, nimefanya kazi posta miaka ishirini na sita, upande wa nyuma wa masanduku. Wewe ukifungua sanduku lako kwa mbele unaona barua. Sisi wa nyuma tulikuwa tunaona mkono. Unasukuma bahasha kwenye tundu, kumbe mwenyewe amefungua upande wake saa hiyohiyo, mkono unaingia: mkono wenye pete, mkono wenye vumbi la chaki, mkono wenye grisi, na mmoja uliokosa kidole cha shahada. Nyuso zao ningepishana nazo sokoni nisizitambue. Ila mikono niliijua. Nilijua unaonyakua barua kwa pupa, nikajua na ule unaopapasa sanduku tupu mpaka kwenye kona, kana kwamba barua inaweza kujificha. Nimelisema hili sasa kwa sababu nitalihitaji baadaye.

Krismasi ya mwaka 2018 mtoto wa kaka yangu alikuja kutoka Louisville, Kentucky, anakoishi. Kila mtu alipewa zawadi yake, mimi nikapewa CD moja. Akaniambia, "Shangazi, najua unapenda kantri, lakini huyu si wa kuchezea dansi." Kwenye jalada kulikuwa na uso wa mzee, umepigwa picha kwa karibu, na shingo yake imekaa upande kidogo. Ilikuwa albamu ya The Tree of Forgiveness, imetoka mwaka huohuo. Nyimbo kumi, nusu saa na dakika chache. Ukibandika maharagwe wakati inaanza, itaisha hata povu halijapanda.

Niliisikiliza jikoni. Sauti ilikuwa imekwaruzika kama sepetu kwenye zege, na alikuwa haimbi sana, anazungumza tu kwa mpangilio. Wimbo wa mwisho anaeleza atakachofanya akifika mbinguni. Atampa Mungu mkono, amshukuru, kisha achukue gitaa. Atavuta sigara yenye urefu wa maili tisa, maana duniani walimkataza. Atafungua kilabu kiitwacho Mti wa Msamaha, na humo awasamehe wote waliomkosea. Nilicheka peke yangu na mwiko mkononi. Nikasema, huyu mzee alizaliwa mzee.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo ndilo limenileta mbele yenu.

Kwanza niwaambie ile sauti ilitoka wapi. John Prine alipatikana na saratani ya shingo, akafanyiwa upasuaji mwaka 1998. Walikata nyama ya shingo, wakamchoma kwa mionzi, ikapita zaidi ya mwaka kabla hajarudi jukwaani. Sauti ikashuka. Nyimbo zake za zamani ikabidi azishushe ufunguo, na mwenyewe alisema kuzishusha kulizifanya ziwe mpya kwake. Mwaka 2013 saratani ikaja tena, safari hii kwenye pafu la kushoto, akapasuliwa tena. Kwa hiyo niliyekuwa namsikia jikoni alikuwa mtu aliyepasuliwa shingo na pafu. Na ile albamu yenyewe isingekuwepo kama si familia yake. Mkewe Fiona, pamoja na mtoto wao, walimchukua wakamweka kwenye hoteli mjini Nashville, huko huko alikokuwa akiishi, na magitaa yake na masanduku ya maneno aliyoyaanza asiyamalize, wakamwambia akae humo mpaka albamu ipatikane. Akakaa. Albamu ilipotoka ikapanda mpaka namba 5 kwenye orodha kuu ya Billboard, jambo ambalo hakuwahi kulipata maisha yake yote, na umri wake ni miaka 71.

Wengi wanaomsikiliza huanzia mwanzo, mwaka 1971, wakashuka naye. Mimi nilikuwa nimeshaukuta mto mdomoni mwake, penye maji mapana na matope. Nikaamua kuupanda. Sheria yangu ilikuwa moja: sitakwenda kwenye albamu iliyotangulia mpaka hii niliyonayo niweze kuiimba yote nikifua nguo. Kijana alinitumia moja moja. Nilianza Januari 2019.

Albamu ya nyimbo zake mpya iliyotangulia hiyo ni Fair & Square ya mwaka 2005. Miaka kumi na mitatu katikati! Ilimpa tuzo ya Grammy, nayo ni nzuri. Ina wimbo mmoja kuhusu wapenzi wanaokutana mwisho wa wiki halafu Jumatatu inakuwa ndefu mno, na yeyote aliyewahi kuajiriwa mbali na mwenzake hatahitaji tafsiri.

Ya 1999 ndiyo niliyokaa nayo sana. In Spite of Ourselves. Ni ya kwanza baada ya upasuaji, na karibu nyimbo zote si zake, ni za kantri za zamani za mume na mke kujibizana. Akaita wanawake kina Emmylou Harris, Lucinda Williams, Connie Smith, Melba Montgomery, akaimba na kila mmoja. Wimbo uliobeba jina la albamu ndio aliouandika mwenyewe, na anaimba na Iris DeMent. Mume anamsifu mke kwa mambo ambayo mke mwenye staha angekanusha, mke naye anamwanika mume mpaka nguo za ndani. Huyo Iris ana sauti kali, iliyonyooka, kama ya mama anayeita watoto ng'ambo ya bonde. Mara ya kwanza nilidhani wanagombana. Mara ya tatu nikaelewa: ni utani. Sisi tunaujua utani. Mtu unayeweza kumtukana hadharani na asikasirike, huyo ndiye wako. Mume wangu marehemu alikuwa akiniambia chapati zangu zingefaa kuziba mabati, na alikuwa anakula nne.

Mwaka 1995 kuna Lost Dogs and Mixed Blessings. Sauti hapo ni ya mtu mwingine kabisa, shingo bado nzima. Kuna wimbo unaitwa "Lake Marie", nusu anaimba nusu anasimulia, na kwa muda mrefu sikujua anataka kunipeleka wapi. Anaanza na watoto wawili waliotupwa, wakaokotwa, na maziwa mawili mpakani mwa Illinois na Wisconsin yakaitwa kwa majina yao. Anahamia kwa mume na mke ambao ndoa yao inawafia, wameenda kuvua samaki ili waiokoe. Halafu kuna mauaji kwenye televisheni. Katikati ya yote hayo anasimama kuwaeleza soseji zinavyolia kwenye moto. Soseji! Ndoa inakufa na mtu anasikiliza soseji. Sasa mliowahi kukaa kwenye mazungumzo ya kuachana mtaniambia, ni kitu gani mnakumbuka? Mimi nakumbuka mfuniko wa birika uliokuwa unatikisika.

The Missing Years ya mwaka 1991 ndiyo iliyomrudisha mbele za watu. Aliitayarisha Howie Epstein, aliyekuwa mpiga besi wa Tom Petty, na wageni wakamiminika: Tom Petty mwenyewe, Bruce Springsteen, Bonnie Raitt, Phil Everly. Ikapata Grammy. Mwishoni anajaza ile miaka kumi na minane ya Yesu ambayo Biblia imeinyamazia, kutoka miaka kumi na miwili mpaka thelathini, kwa vituko ambavyo sitavirudia hapa maana namwona katibu wa kanisa letu pale safu ya tatu.

Za miaka ya 1980 nitazipita haraka, ila jambo moja mtaniruhusu kama mtu wa posta. Kampuni kubwa za kurekodi alikuwa ameachana nazo. Yeye na meneja wake Al Bunetta wakaanzisha kampuni ndogo yao, Oh Boy, na albamu ya kwanza humo ni Aimless Love ya mwaka 1984. Pesa zilitoka wapi? Wasikilizaji walituma hundi kwa barua, wakilipia albamu ambayo bado haijarekodiwa. Fikiria imani hiyo. Mtu anaweka hundi ndani ya bahasha, anabandika stempu, anaipeleka kwa mwimbaji, kisha anangoja. Hata mchango wa harusi siku hizi mnadai kwanza kadi.

Mwaka huohuo alimpoteza rafiki yake Steve Goodman, naye mwimbaji na mtunzi, aliyekufa kwa saratani ya damu akiwa na miaka 36. Goodman ndiye aliyemtayarishia Bruised Orange ya mwaka 1978, na katika zile za katikati hiyo ndiyo ninayoiweka juu. Jina lake limetoka kwenye jambo Prine aliloliona akiwa kijana. Alikuwa anakwenda kuondoa theluji kanisani asubuhi. Mtoto mmoja, mtumishi wa altare wa kanisa jirani la Kikatoliki, alikuwa amepita relini akagongwa na treni. Kina mama wakakusanyika, na hakuna aliyejua ni mtoto wa nani. Kila mmoja anangoja. Wimbo wenyewe hauelezi yote hayo, unagusa tu na kuondoka. Nilipojua kilicho nyuma yake nilizima redio, nikaenda kumwagilia sukuma wiki ambazo zilikuwa zimeshamwagiliwa.

Ila albamu hiyohiyo ina kichekesho, nacho kinanihusu. Kiingereza changu ni cha shule na cha fomu za posta. Prine anakula maneno, na mimi kwa miezi nilikuwa naimba vitu visivyokuwepo. Nikaona aibu. Kumbe Wamarekani wenyewe hawasalimiki. Kuna wimbo kuhusu mtu aliyeganda ndani ya beseni la kuogea wakati wa baridi, na kiitikio kinataja maji ya nusu inchi, mtu akidhani atazama. Siku moja kwenye onyesho mwanamke akamwomba amwimbie ule wimbo wa enchilada mwenye furaha. Enchilada ni chakula cha Kimeksiko, kama chapati iliyokunjwa na nyama ndani. Prine akashangaa, hana wimbo kama huo. Wakachunguza: mwanamke alikuwa anasikia nusu inchi ya maji, kwake inakuwa enchilada. Prine alipenda kosa lile kiasi kwamba akawa analisimulia jukwaani miaka yote. Tangu nilisikie, sijaona aibu tena.

Kuna tatu nitawaomba radhi kwazo: Pink Cadillac ya 1979, Storm Windows ya 1980, na Common Sense ya 1975. Hii ya 1975 aliitayarisha Steve Cropper, mpiga gitaa hodari wa Memphis, kwa hiyo si kwamba hapakuwa na fundi. Nimezisikiliza kwa adabu. Ni kelele nyingi juu ya mtu anayenong'ona. Vijana wa nyuma, nyinyi mtazipenda.

Basi nikafika Sweet Revenge ya mwaka 1973. Ilikuwa Machi 2020. Humo kuna wimbo wa mtu aliyeteleza jikoni akafa, naye anaomba asizikwe: macho apewe asiyeona, masikio apewe kiziwi, kila kiungo kipate pa kwenda. Mama yangu alikuwa anaishi nami wakati huo. Akauliza ule wimbo wa furaha unasema nini. Nikamtafsiria. Akaniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Na huyo hana watu kwao?" Mnajua sisi na mazishi. Mtu anaweza kukaa Nairobi miaka hamsini asijenge hata choo kijijini, lakini akifa basi litakodiwa na atarudishwa. Kumwambia mama yangu kuwa kuna mtu anataka kugawanywa kama mbuzi wa Krismasi, na anaimba akicheka, lilikuwa kosa langu.

Kafyu ikaanza mwisho wa mwezi huo. Saa moja jioni kila mtu ndani. Nilikuwa na muda mwingi wa kusikiliza, na ule wimbo ulikuwa kila siku. Tarehe 8 Aprili asubuhi nikapata ujumbe kutoka Louisville: "Shangazi, mzee wako ameondoka." Alikufa Nashville tarehe 7, kwa Korona, akiwa na miaka 73. Nikakaa kitandani na simu mkononi. Mtu aliyepasuliwa pafu, na ugonjwa wa mapafu. Mama akauliza ni nani amekufa. Nikasema ni yule asiyetaka kuzikwa. Mama, ambaye hakuwahi kumsamehe, akasema, "Pole, mwanangu," na siku hiyo hakuniambia nipunguze sauti.

Nilikuwa bado na albamu mbili juu ya mto.

Ya mwaka 1972, Diamonds in the Rough, ni kama watu wamekaa sebuleni: kaka yake Dave, Steve Goodman, magitaa, na wimbo wa jina la albamu ni wa zamani wa kundi la Carter Family. Nikakaa nayo Mei yote. Halafu Juni nikafika kwenye chemchemi, albamu ya kwanza, ya mwaka 1971, yenye jina lake tu, John Prine.

Kwenye jalada kuna kijana amevaa jinzi, ameketi juu ya robota la nyasi kavu. Picha ya studio. Alizaliwa Maywood, kitongoji cha Chicago, mwaka 1946, na mwenyewe alisema hakuwahi kukalia robota la nyasi maisha yake yote kabla ya siku hiyo. Kampuni iliona anaimba kama mtu wa shamba, ikampeleka shamba. Alikuwa na miaka 24.

Naweka wimbo wa pili, wa tatu, na mkono wangu ukasimama. Anaimba kuhusu mume na mke wazee. Watoto wamekua wakatawanyika, mmoja alikufa kwenye vita vya Korea na mzee hajui mpaka leo alifia nini. Nyumbani ni kimya, mke anakaa anaangalia mlango wa nyuma. Mzee anatuomba, ukipishana na mtu mwenye macho yaliyochoka, usipite tu, msalimie. Nasogea mbele, wimbo wa "Angel from Montgomery": kijana wa kiume anafungua kinywa na kutangaza kuwa yeye ni mwanamke mzee, aliyeitwa jina la mama yake, mume wake ni kama mtoto mwingine aliyezeeka, na jikoni kuna inzi wanaovuma. Sikucheka. Nilikuwa mwanamke wa miaka 58 jikoni, na inzi walikuwepo. Nani alimwambia?

Mimi nilidhani huyu mtu alizaliwa mzee. Kumbe alikuwa kijana anayewatazama wazee, akawaimba wote, halafu akaishi miaka mingine arobaini na saba mpaka akawafikia.

Alijifunza wapi? Hapa sasa nairudia ile mikono yangu. John Prine alikuwa mtu wa posta. Alipotoka jeshini, alikokuwa fundi wa magari huko Ujerumani Magharibi, alikuwa akipeleka barua. Na posta yao si kama yetu ya sanduku. Kule mtu anabeba mkoba, anapita mlango kwa mlango, mitaa ileile, kila siku. Alifananisha njia yake na maktaba isiyo na vitabu. Upepo wa Chicago ukizidi, alijibanza ndani ya lile sanduku kubwa la chuma wanalohifadhia mizigo ya barua, akala mkate wake humo. Kabla ya hapo, alipokuwa kijana mdogo, alimsaidia rafiki yake kugawa magazeti kwenye nyumba ya kulea wazee, na baadhi ya wazee walijifanya yeye ni mjukuu wao aliyekuja kuwatembelea, ili wenzao waone. Yeye aliona milango, mimi niliona mikono. Tofauti ni kwamba mimi nilikwenda nyumbani nikapika.

Sitawachosha na namna alivyogunduliwa, ila ni tamu. Mwaka 1970 Roger Ebert, mwandishi wa habari za filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, alitoka kwenye sinema kwa kuwa bisi zilikuwa na chumvi kupita kiasi, akaingia kilabu kutafuta bia, akamkuta mtu wa posta anaimba. Akaacha filamu akaandika kuhusu huyo. Mwaka uliofuata Goodman akamleta mwimbaji Kris Kristofferson usiku sana, viti vimeshapinduliwa juu ya meza. Prine akaimba. Kristofferson akamwagizia bia, akamwomba azirudie zote, na nyingine yoyote aliyo nayo.

Wimbo wa "Sam Stone" pia umo humo. Askari amerudi vitani na nishani na uraibu wa dawa, na mtoto wake ndiye anayeona pesa za nyumbani zinaingia kwenye tundu la mkono wa baba. Johnny Cash alipouimba aliomba mstari mmoja unaomtaja Yesu ubadilishwe. Nawaachia mjadala huo mkinywa chai.

Mimi nataka kidole gumba. Babu yake Prine na wazazi wake walitoka Kaunti ya Muhlenberg, Kentucky. Hapo ndipo alipotoka Merle Travis, na Ike Everly, baba wa yule Phil niliyemtaja. Upigaji wao wa gitaa ni wa kidole gumba kutembea kwenye nyuzi nene bila kusimama, huku vidole vingine vinacheza juu. Nyinyi mliokua na Jean Bosco Mwenda mnaujua mwendo huo. Bosco alirekodiwa "Masanga" na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, huko Katanga mwaka 1952, gumba na kidole cha shahada tu, na mwaka 1969 alisimama kwenye tamasha la Newport, Marekani, palepale walipokuwa wakisimama watu wa foku wa kule. Na Tracey huyohuyo mwaka 1950 alikuwa hapa jirani, Kapkatet, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimbia Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa, aje acheze nao. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli wa Marekani, baba wa kantri, ambaye santuri zake zilifika Bonde la Ufa kabla ya barabara ya lami. Kwa hiyo mkinisikia nasema gumba la Prine halikunikuta mgeni, mnajua ninachosema.

Nimebakiza wimbo mmoja, ndio tutakaousikiliza. Unaitwa "Paradise". Paradise ulikuwa mji mdogo kando ya mto Green, huko Muhlenberg, ambako walikuwa wakimpeleka likizo. Wakachimba makaa ya mawe kwa kupasua ardhi juu mpaka chini, kikajengwa kituo kikubwa cha umeme, na mwaka 1967 mji ukanunuliwa na kubomolewa. Kwenye wimbo mtoto anamwomba baba ampeleke Paradise, na baba anajibu kuwa amechelewa. Kile kituo cha umeme kilizimwa Februari 2020, miezi miwili kabla Prine hajafa. Kijana wangu alikwenda kupaona. Alinipigia picha ya mto, maji ya kijani kibichi, na mti umeinama.

Prine aliuandika kwa ajili ya baba yake, William, fundi wa vyuma vya kiwandani, mtu wa Kentucky aliyehamia Chicago na hakuacha kusimulia kwao. Akamletea kanda kabla santuri haijatoka. Wimbo ulipoanza, mzee aliinuka, akaingia chumba cha pili, akakaa gizani. Ulipoisha mwanawe akamuuliza kwa nini. Akasema alitaka ajifanye unapigwa kwenye ile mashine ya santuri ya baa, ile ya kutumbukiza sarafu. Mzee huyo alikufa mwaka huohuo wa 1971, albamu ikamkosa.

Nimeomba taa ya upande huu izimwe. Ile ya veranda tumeiacha giza makusudi, na mlango uko wazi. Anayetaka kusikilizia nje, benchi lipo, na mama yangu ameshatangulia.